Taa Iliyomwacha Bibi Njiani

Kila siku baada ya sala ya adhuhuri, Bibi Mwanamkisi hupanda kwenda kupumzika chumba cha juu. Nyumba yao ya mawe hapa Amu, mji wa Lamu, ina ngazi ya vidato kumi na vinne, iliyobanwa kati ya kuta nene. Hata mchana ni giza, na Bibi hupapasa ukuta.

Mjukuu wake, Ruwaida, alimtengenezea taa ya ngazini. Ilikuwa pia kazi yake ya maonyesho ya sayansi shuleni, aliyopewa na Mwalimu Idris. Ukibonyeza kitufe, kapasita hujaa umeme kama mtungi unavyojaa maji. Ukiachia, umeme huvuja polepole, na taa hubaki ikiwaka mpaka uishe.

Taa ilidumu sekunde kumi na mbili. Ruwaida alipanda mbio huku kaka yake, Taufiq, akihesabu.

"Tisa! Yatosha, hata ukibeba punda!"

Bibi alikuwa kwa jirani siku hiyo. Ruwaida hakumngoja. Aliandika katika daftari la kazi hiyo: "Bibi ameijaribu. Inamtosha."

Jumamosi Bibi alibonyeza kitufe. "Bismillahi," akaweka mguu, akauleta wa pili. "Bismillahi," kidato kingine. Alipofika cha nne, taa ilizimika. Mguu ukakosa kidato, goti likagonga jiwe.

"Ruwaida! Taa yako imeniata ndiani!"

Ruwaida alimkuta ameketi gizani, akisugua goti.

"Nyamaza tu," Taufiq alimnong'oneza. "Mwalimu Idris atajuaje?"

Ruwaida alilitazama lile goti.

"Bibi, niliandika kuwa umeijaribu. Nilisema uongo."

Bibi alishika ukuta, akainuka. "Basi nipe mkono. Nipande, nawe uhesabu."

Ruwaida alihesabu kwa saa. Kila kidato kilikuwa na bismillahi yake, na kila bismillahi ilichukua sekunde tatu. Jumla, arubaini na mbili.

Jioni alifungua kipaza sauti kibovu, akatoa kapasita kubwa mara tano kuliko ile ya kwanza. Alikosea kuiunga mara mbili. Mara ya tatu taa ilidumu dakika nzima.

Jumatatu Mwalimu Idris aliinua daftari. "Ni sentensi gani hii uliyoikata kwa mstari?"

"Uongo, Mwalimu. Niufute kabisa?"

"Uache uonekane. Chini yake andika ulivyourekebisha. Hiyo pia ni sayansi."

Adhuhuri hiyo Bibi alibonyeza tena. Bismillahi kumi na nne, bila haraka. Alipofika juu aligeuka na kucheka.

"Ah! Bado yaningoja!"

"Nisamehe, Bibi."

"Nilikusamehe siku ile ile uliposema kweli. Lakini shika neno langu, mwanangu. Ukimtengenezea mtu kitu, kipime kwa mwendo wake, si kwa mbio zako. Na ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajaanguka."

Bibi akaingia chumbani, akaketi kitandani. Hapo ndipo taa ilipozimika.