Supu ya Mwani Siku ya Mtihani

Kaa wa tatu alipotoroka, abiria katika kituo cha mabasi cha mji wa Daegu walianza kupiga mayowe.

"Mshike huyo! We kaka, mbele yako hapo, mshike!"

Dasom alikuwa amepiga magoti, koti lake la njano likifagia sakafu. Kamba ya sanduku la kaa alilofungiwa na mama yake kule pwani ya Yeongdeok ilikuwa imekatika. Kijana mrefu mwenye raba nyeupe akainama, akamdaka kaa kwa mkono mtupu, akabanwa kidole.

"Aaah! Ndugu yako huyu ana hasira!"

"Umemshika vibaya. Kaa anashikwa kwa nyuma."

"Nami nimefurahi kukusaidia, bibie."

Dasom akacheka mpaka sanduku likamponyoka tena.

Huyo ndiye Kyuho. Kumbe wote wawili walikuwa wanaanza uuguzi chuo kimoja, darasa moja. Maua ya cheri yalipopukutika tayari walikuwa wanakula sahani moja ya keki za mchele zenye pilipili, na Kyuho alikuwa anamwita "malkia wa kaa" mbele za watu.

Ila wakubwa wa chuo hawakupenda watu wapendane kwa amani. Waliweka sheria kwamba alama ya A wapewe wachache tu, hata darasa zima lijibu sawasawa. Mmoja apande, mwingine ashuke. Wao wenyewe hawashuki. Wanakaa juu na viyoyozi vyao wanatazama watoto wa watu wakiogopana. Na katika somo la mwili wa binadamu, waliokuwa wakifukuzana kileleni ni Dasom na Kyuho.

Juni ikaja na joto lake. Serikali ikamwita Kyuho jeshini, kama inavyomwita kila kijana wa kiume nchini kwao. Aliomba aende majira ya baridi; wakampangia Jumatatu inayofuata mtihani wa mwisho. Wanaopanga tarehe hizo hawana wapenzi, au kama wanao, basi hulala nao kila usiku. Kyuho hakumwambia Dasom. Akisema, atamvuruga, na Dasom atasomaje? Alijiapiza kusema Ijumaa, mara tu watakapoweka kalamu chini. Kwa hiyo wiki nzima alikuwa anapokea simu kwa kujificha nyuma ya ngazi, na Dasom alikuwa anamwona.

Ijumaa hiyo ilikuwa pia siku ya kuzaliwa kwa Dasom. Asubuhi, mbele ya jengo la mtihani, Kyuho alimngoja na themosi mkononi, shati limemganda mgongoni kwa jasho.

"Fungua, malkia. Kula kabla hatujaingia."

Dasom, sketi nyeusi na blauzi nyeupe, macho mekundu kwa kukesha, akafungua kifuniko. Mvuke ukampiga usoni. Supu ya mwani, ile inywewayo kila siku ya kuzaliwa.

"Kyuho. Hii nini?"

"Si siku yako ya kuzaliwa? Nimepika mwenyewe."

"Leo mtihani! Nani anakula mwani siku ya mtihani? Unataka niteleze?"

"Dasom, jamani..."

"Hata mtoto wa chekechea anajua! Mwani unateleza, anayeula naye anateleza. Wiki nzima unanikimbia, unanong'ona na simu, leo unaniletea hii. A moja ikipungua kwangu inakwenda kwa nani?"

"Unaniwazia hivyo kweli?"

"Nikuwazieje, basi? Ondoka mbele yangu. Na supu yako!"

Wanafunzi waligeuka kutazama. Kyuho alifunga themosi polepole, akaingia ndani.

Kyuho alilelewa na baba tu. Nyumba iliyoondokewa na mama hubaki na sufuria, lakini mambo mengi hayasemwi tena. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba siku mbili hizo zikigongana, mtihani hutangulia na supu hungoja jioni.

Ndani, feni ilikata hewa ya moto. Dasom alisoma swali la kwanza mara tatu. Mifupa ya kiganja; aliijua yote, ila kila alipoandika mfupa aliona mkono ulioshika themosi. Akaendelea, meno yameumana. Alipoinua kichwa ili akabidhi karatasi, kiti cha Kyuho kilikuwa kitupu.

Nje, wenzake walikuwa wanarukaruka. Muhula wa kwanza umekwisha! Simu yake ikalia.

"Mwanangu, heri ya siku ya kuzaliwa! Mtihani je?"

"Nimemaliza, mama."

"Jioni utafute supu yako."

"Nililetewa asubuhi. Nimemfukuza aliyeileta."

"Asubuhi? Mjinga gani huyo?" Mama akacheka. "Aliinunua?"

"Alipika."

"Mwani unaloweshwa, nyama inakaangwa, unasimama nayo. Huyo aliamka usiku. Nilipokuzaa niliinywa supu hiyo wiki tatu, baba yako hakunipikia hata siku moja. Mtu anayetaka uanguke, Dasom, hulala usingizi wake."

Dasom alikata simu, akapiga nyingine. Iliita sana.

"Nakusikia," Kyuho alisema. Nyuma yake kulikuwa na mlio kama wa nyuki.

"Uko wapi? Nataka kukuomba... mlio gani huo?"

"Mashine."

"Ya nini?"

"Ya kunyolea."

"Kyuho, unanyoa nini?"

Nchini kwao, kijana anayenyoa kichwa chote muhula unapofungwa ana safari moja tu: jeshini.

"Lini?" Dasom aliuliza.

"Jumatatu."

Alikimbia na viatu vyake vya kisigino hadi kwa kinyozi nyuma ya chuo, blauzi imetoka kwenye sketi. Kyuho alikuwa kitini, nusu ya kichwa nyeupe kama yai. Kinyozi, mama mnene mwenye aproni, akazima mashine.

"Binti, nimalizie, au nimwache hivi? Kushoto askari, kulia mwanafunzi."

Hakuna aliyecheka.

"Ungeondoka bila kuniambia?"

"Ningekuambia leo. Asubuhi ulinifukuza."

"Nilikosa. Nisamehe. Lakini nawe, Kyuho, wiki nzima!"

"Ungesomaje?" Akatazama nywele zake mapajani. "Dasom, ni mwaka na nusu. Sikuombi unisubiri."

"Vizuri, maana sijakuahidi." Alivuta kigoda, akaketi karibu yake, akipangusa jasho na machozi kwa kiganja kimoja. "Jumatatu nitakusindikiza mpaka langoni. Jumanne asubuhi nitaamka, nijiulize kama bado nakutaka."

"Na Jumatano?"

"Jumatano nitajiuliza tena. Mwaka na nusu ni wa wakubwa wako. Mimi nina siku moja moja."

Kyuho akafungua mkono chini ya shuka la kinyozi. Dasom akaushika.

"Mama, malizia," Dasom alimwambia kinyozi.

Mashine ikaanza kuvuma.