Hatua Saba Kutoka Korongoni

Kila asubuhi Eufrazia alifagia uwanja wake, tena si kijuujuu. Alianzia mlangoni, akazunguka nyuma ya chumba cha uani, akaishia ukingoni mwa korongo. Jani likichomoza, aling'oa. Ndivyo alivyolelewa kwao Muleba, na uwanja mweupe ulikuwa fahari yake hapa Bunju.

Chumba cha uani alikijenga mumewe, marehemu Gaudens, kila Jumamosi, kwa mikono yake. Sasa binti yao Asifiwe alikuwa na mimba ya miezi sita. Angekuja kujifungua mwezi wa nne na kulelewa humo na mama yake. Kitanda kilishatandikwa.

Lakini korongo lilikuwa linasogea. Mwaka juzi lilikuwa hatua kumi na mbili kutoka ukutani. Mwaka huu, saba. Eufrazia alikuwa akimwaga humo taka na kifusi, akidhani analijaza. Maskini, kila mvua ilikomba vingi, ikaondoka na kipande cha uwanja juu yake.

Asubuhi moja ya Januari, jirani yake Bi Khatun alikuja kurudisha sufuria. Bi Khatun alifundisha jiografia miaka thelathini kabla ya kustaafu. Alimkuta Eufrazia amekaa kizingitini, ufagio mapajani, analia.

"Mama Asifiwe, huo ufagio umekukosea nini?"

"Mwalimu, chumba cha Gaudens kinaondoka. Nimempigia Asifiwe nimwambie atafute pengine. Nimeishia kumuuliza amekula nini."

Bi Khatun akakaa pembeni yake. Akatoa simu, akamwonyesha picha. Ilikuwa yeye na mumewe Taher, wamekaa ndani ya helikopta.

"Hapo tuko Marekani, juu ya korongo maarufu linaloitwa Grand Canyon. Mwanangu Muntazir ndiye aliyetupeleka."

"Hukuogopa?"

"Mie? Nilifumba macho nusu ya safari. Nimemshika Taher mkono, yeye ananisimulia."

Eufrazia akacheka huku machozi hayajakauka. "Likoje?"

"Urefu wake kilomita mia nne arobaini na sita. Ni kama kwenda Dodoma kwa gari. Kina chake kinapita kilomita moja na nusu. Kuta zake ni tabaka juu ya tabaka, jekundu, jeupe, la kijivu. Miamba ya chini kabisa ina karibu miaka bilioni mbili."

"Na nani alilichimba lote hilo?"

"Maji. Rubani alituonyesha mto huko chini, unaitwa Colorado. Kutoka juu ni mwembamba kama uzi. Huo uzi umechimba kwa miaka milioni tano au sita, na mvua ikapanua kuta."

Eufrazia akaligeukia korongo lake. "Basi na hili langu litafika huko."

"Lile lilikata mwamba, ndiyo maana lilichukua muda. Hili lako linakata mchanga, halina haja ya miaka milioni. Ila mchanga una dawa yake. Mizizi. Na wewe unaing'oa kila siku."

Eufrazia akautazama ufagio mapajani. Neno hilo lilimchoma. Miaka yote alidhani anaitunza nyumba ya mumewe.

"Na taka?" akauliza polepole.

"Zinaziba katikati. Maji yanakosa njia, yanapita pembeni na kula ukingo. Na maji ya bati lako yanamwagikia wapi?"

"Humo humo."

"Unaona sasa."

Wiki hiyo Eufrazia alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Majirani wakaja. Walitoa taka, wakapanga viroba vya mchanga kukatisha korongo, ngazi kwa ngazi, ili maji yapungue kasi. Fundi akafunga gata, maji ya bati yakaenda kwenye tangi. Ukingoni Eufrazia alipanda mistari mitatu ya mchaichai, akaimwagilia maji ya kusuuzia vyombo. Kazi hiyo haikumshinda. Kilichotaka kumshinda ni kuyaacha majani yaote. Mikono ilimwasha. Mara mbili alishika ufagio akaurudisha.

Masika yakaanza. Baada ya mvua kubwa ya kwanza alitoka na khanga kichwani, akahesabu. Saba. Baada ya ya pili, saba. Baada ya ya tatu hakuamini, akarudia tena. Saba. Akapiga simu.

"Asifiwe, njoo mwanangu. Chumba cha baba yako kinakusubiri."

Mtoto alizaliwa salama, wa kike. Siku moja Asifiwe alisimama mlangoni pa chumba, amembeba, akatazama nje.

"Mama, umechoka siku hizi? Uwanja umeota majani mpaka huku. Nikitoka arobaini nitakufagilia."

"Usiguse," alisema Eufrazia. "Hayo ndiyo yanayokushikia chumba."

Akainama, akakata mchaichai kidogo, akaingia jikoni kumchemshia binti yake chai.