Ufunguo Uliobaki Mfukoni

Walikutana kwenye foleni ya kantini ya maabara, saa ya chakula cha mchana, kila mtu ana njaa na kila mtu ana haraka. Fundi wa sumaku, kijana mrefu wa ovaroli ya buluu iliyopauka magotini, aligeuka na trei yake na supu yote ikaishia kwenye koti jeupe la mtafiti.

"Pole, dada! Saa yangu imesimama, ndiyo nilikuwa naiangalia."

"Unashinda kwenye masumaku halafu unavaa saa ya mishale? Umejitakia." Akacheka.

"Na wewe unashinda kwenye nini?"

"Protoni. Kila moja inajizungusha kama pia ya mtoto. Tunazilaza ubavu, tunazigonganisha kwenye mashine, tunatazama vipande vinaelemea kushoto au kulia. Ndivyo tunavyopeleleza ndani yake kuna nini."

"Na wewe mwenyewe unaelemea wapi, Mama Protoni?"

"Mbona una haraka hivyo, Fundi?"

Aliyasema hayo, lakini moyo wake ulishaelemea upande wa Fundi.

Mwaka haujaisha, Fundi akamwomba waoane. "Msimu huu wa vipimo ukiisha," alimjibu, na alimaanisha. Ila Profesa, msimamizi wa tasnifu yake, kila msimu ulipoisha aliongeza mwingine, na bila saini ya Profesa hakuna udaktari. Mapenzi yakageuka simu za kukatizwa katika vyumba visivyo na madirisha. Dada wa watu alijiona mfungwa. Profesa alipotangaza msimu wa nne, Fundi alichoka.

"Wewe umeshaolewa na mashine, mpenzi. Nimepata kazi mji mwingine."

Kesho yake aliondoka.

Sasa, kila anayeingia kwenye handaki la mashine huchukua ufunguo ubaoni, na mashine haiwaki mpaka funguo zote zirudi. Siku hiyo msumari mmoja ulikuwa mtupu. Fundi, kwa hasira, alikuwa ameondoka na wake mfukoni.

"Mfuate!" Profesa alifoka.

Teksi ilimshusha mtafiti kituo cha mabasi. Fundi alipomwona akija mbio na koti lile lenye doa la supu, uso ulimng'aa, kisha ukazima.

"Kumbe umefuata ufunguo."

"Nimefuata ufunguo," alisema, machozi yakimlenga. Ndio ukweli; hakuzoea kumdanganya.

Fundi angeweza kumkomoa. Badala yake aliutoa, akamwekea kiganjani. "Chukua. Wanaokufungia wametosha, mimi simo."

Simu ikalia, ni Profesa. "Umeupata?"

Aliutazama ufunguo, akamtazama mwanamume. Misimu mitatu, jibu lilelile: vipande vinaelemea kushoto. Data za tasnifu zilitosha tangu mwaka jana. Asiyetosheka ni Profesa. Akairudia teksi iliyokuwa bado inamsubiri, akamkabidhi dereva ufunguo ampelekee mlinzi wa lango la maabara.

"Nimeupata, Profesa. Unakuja na teksi."

"Na wewe je?"

"Mimi siji. Tasnifu nitaimalizia nyumbani. Kusaini au kutosaini, utaamua mwenyewe."

"Nyumbani wapi?"

Akaishusha simu, akamgeukia aliyebeba begi.

"Fundi, eti nyumbani kwetu ni wapi?"