Bega la Fundi Rangi

Fundi rangi alikuwa akipaka dari kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa haupandi tena. Mkewe, ambaye hamung'unyi maneno, alitazama kazi ile akacheka.

"Baba watoto, dari ya watu umeitia ukurutu!"

Fundi hakucheka. Bega lisipopona, kazi imekwisha.

Walikwenda hospitali. Daktari alisema upo upasuaji wa kukwangua mfupa wa bega, lakini bado haijulikani kama unasaidia kweli. Walikuwa wakiufanyia utafiti. Akawapeleka kwa muuguzi wa utafiti.

Muuguzi alieleza taratibu. Nusu ya wagonjwa watakwanguliwa mfupa. Nusu watachanwa ngozi kidogo na kuchunguzwa kwa kamera, basi. Wote watafanya mazoezi baadaye. Kura itaamua nani awe wapi, na mgonjwa ataambiwa kundi lake utafiti ukiisha. Hatari zipo pande zote mbili: dawa ya usingizi, au kidonda kuoza.

"Sawa, nitie sahihi wapi?" fundi aliuliza.

"Kwanza niambie umeelewaje."

"Mtanipasua, nitapona."

Muuguzi akaiweka kalamu mbali. "Hapana, baba. Kwa kuelewa hivyo sikupokei. Huenda usikwanguliwe kabisa."

Mke akaruka. "Wamchane bure? Mume wangu gunia?"

"Una haki ya kukasirika, mama. Ila mtu akijua amekwanguliwa mfupa, matumaini tu humpa nafuu. Tusipolinganisha, tutajuaje kilichomsaidia? Lakini asikubali kwa kumwonea haya daktari. Akikataa, atatibiwa kama kawaida. Akikubali, anaweza kujitoa wakati wowote. Nendeni mkafikirie."

Nyumbani fundi aliuliza, "Mama watoto, mteja akibishania rangi ya bei ghali, mimi hufanyaje?"

"Unapaka rangi mbili ukutani, humwambii ipi ni ipi. Akijua bei, macho yatapenda bei."

"Basi ndiyo hayo."

Mke alifikiri. "Haya. Lakini ukakubali kwa akili yako, si kwa kutikisa kichwa tu."

Fundi alirudi, akaeleza yote kwa maneno yake, hatari pamoja. Muuguzi akampa kalamu.

Alipasuliwa, akapona kidonda, akafanya mazoezi bila uvivu. Mkono ukapanda kidogo kidogo, mpaka ukafika juu kabisa. Furaha iliyoje!

Utafiti ulipoisha, washiriki waliitwa kusikia matokeo. Makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu sawa. Na fundi? Hakukwanguliwa hata chembe. Alishika bega lake, akacheka mpaka machozi.

"Kuanzia sasa," daktari alisema, "hapa kwetu bega la namna hii litaanza kwa mazoezi, si kwa kisu. Mmetufundisha ninyi."

Jirani yao dobi, aliyekuwa akingojea kupasuliwa bega, aliambiwa aanze mazoezi. Alipokuja kushukuru, mke wa fundi alimfungulia mlango, akaita kwa sauti ya kusikika mtaa mzima:

"Baba watoto, njoo! Kuna bega hapa umeliepusha na kisu!"