Salamu za Mbithi

Wimbo ulikuwa umeongezeka. Mumbua alitambua hivyo Jumapili moja mchana, akiwa ameketi sebuleni kwake Nunguni, miezi michache baada ya kumzika mumewe.

Mbithi alikuwa mpiga gitaa. Mwaka wa mvua za El Nino bendi yake ilirekodi albamu katika studio za River Road, na kwa muda mrefu hapakuwa na harusi Makueni wala Kitui iliyokwisha bila kanda ile. Watu waliirudisha nyuma kwa kalamu ya biro ili wasimalize betri. Katikati ya kila wimbo mwimbaji aliwasalimu marafiki, fulani wa Mbumbuni, fulani wa Kitui mjini, kisha gitaa la Mbithi likapaa. Mbithi mwenyewe hakuwahi kuimba. Aliionea aibu sauti yake.

Sasa, baada ya salamu na kabla ya gitaa, mtu alivuta pumzi ndani ya redio. Sauti ya Mbithi ikasema, "Na Mumbua wa Nunguni."

Mumbua hakushtuka. Tangu mazishi hakuna kilichomshtua. Hata chozi hakuwa amelitoa. Aliirudisha kanda nyuma, akasikiliza tena.

Akaacha kufungua kibanda chake cha viatu vya mitumba. Akaacha kanisa. Jirani yake, Kalunde, alimpigia simu Kalekye, binti pekee wa Mumbua, aliyekuwa na saluni Kitui.

"Njoo umwone mamako," Kalunde alinong'ona. "Anaongea na redio."

"Si ni majonzi tu, aunty?"

"Redio inamjibu."

Kalekye alifika kesho yake adhuhuri. Mlangoni alipokelewa na harufu ya mafuta ya nywele ambayo babake alipaka siku za kupiga muziki, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, kama ngozi ya mbuzi iliyooza majini. Mamake alikuwa amekonda hadi gauni linamning'inia. Kanda ilikuwa ikicheza.

"Mwaitu, mama yangu, umekula?"

"Ngoja kwanza. Anakaribia kusema."

Kalekye alichomoa waya ukutani. Wimbo uliendelea, na redio haikuwa na betri. Uliendelea bila kupungua, majina yakifuatana, na jua la mchana likiwa limejaa dirishani na kuku wakiparua uani kama siku yoyote, na Kalekye akiwa ameushika ule waya mkononi kama mtu aliyeshika mkia wa nyoka asijue kichwa kiko wapi, mpaka pumzi ikavutwa, ndefu kuliko pumzi ya mtu, na sauti ikasema, "Mumbua, nifungulie na chumba cha ndani."

"Huyo si baba," Kalekye alisema kwa sauti ya chini. "Baba hakuwahi kukuita Mumbua. Alikuita Mama Kalekye, hata akikasirika."

"Najua."

"Unajua?"

"Tangu siku ya kwanza. Baba yako hawezi kuja. Hiki kimekuja."

Alisema hivyo kama mtu anayetaja bei ya nyanya.

Pasta Mulinge alikuja jioni hiyo hiyo jua likiwa halijazama, pamoja na akina mama wa kanisa. Waliomba hadi sauti zikakauka. Redio haikunyamaza. Mwishowe pasta alichuchumaa mbele ya Mumbua.

"Mama, wazee wetu wangesema ni aimu, mizimu ya waliokufa. Mimi nasema ni jini, limevaa sauti ya marehemu. Lakini wewe ndiye uliyelikaribisha. Lisipofukuzwa na wewe, tutaomba hadi kesho."

Mumbua aliitazama mikono yake.

Ndipo pumzi ikavutwa tena, na sauti, tamu, ya baba anayemwita mtoto aje apokee zawadi, ikasema, "Na Kalekye wa Kitui," na Kalekye akahisi taya lake likifunguka bila yeye kulifungua, na neno "naam" likipanda kooni kama kitu chenye miguu, akataka kulimeza lisimezeke, hadi kiganja cha mamake kikamziba mdomo.

Mumbua alikuwa amesimama.

"Huyu hapana," aliiambia redio. "Wewe si Mbithi. Toka nyumbani kwangu."

Majina yote ya salamu yakamwagika kwa pamoja, kwa sauti za watu wazima na watoto, wengine wakilia. Pazia likavutwa kuelekea nje ingawa hapakuwa na upepo. Kisha kimya. Harufu ilikuwa imekwisha.

Akina mama walisema amina, polepole. Kalekye aliuondoa mkono wa mamake mdomoni, kidole kimoja kimoja.

"Sasa ndio baba yako amekufa," Mumbua alisema. Alikaa sakafuni. Baada ya kitambo akauliza, "Tulimzika amevaa suti gani?"

"Ile ya kijivu, Mwaitu."

Mumbua aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa habari kutoka mbali.