Askari wa Mstari wa Kwanza

Jua lilikuwa linazama fundi cherehani alipopanda ngazi kumpelekea mpangaji wa ghorofani suruali aliyompunguzia. Suruali ilikuwa kisingizio tu. Kaka yake fundi, mwalimu wa hesabu, alikuwa siku ya tatu kitandani, macho wazi, hasemi, hali. Yalimkuta hayo aliposhindwa fumbo la sataranji la mtu huyu.

"Karibu, dada. Nilijua utakuja."

Chumba kilinuka udongo mbichi. Mezani palikuwa na ubao, na kete zake zilikaa kiajabu: farasi weupe watano badala ya wawili, askari huku na huko.

"Cheza nyeupe. Hatua moja tu, ushinde," mpangaji alinong'ona. "Ukiweza, kaka yako atainuka. Ukishindwa..."

Akamsogezea fundi kiti.

Fundi akaketi. Hasira yake ilizidi woga. Kaka ndiye aliyemfundisha mchezo huu, na siku zote alimwambia: kabla ya kuuliza kete inakwenda wapi, uliza imefikaje. Safari hii kaka mwenyewe, kwa ujuaji wake, hakuuliza.

Akazikagua moja moja. Farasi watano, sawa; askari akifika ng'ambo anaweza kugeuzwa farasi. Lakini yule askari mweupe wa mstari wa kwanza, nyuma ya wenzake wote? Askari huanzia mstari wa pili, na kurudi nyuma ni mwiko.

Hakukuwa na njia ya kumfikisha pale.

Akamgusa. Alikuwa na joto...

Alinuka chaki.

"Haya, cheza."

"Sichezi." Akamng'oa, akamfumbata.

Chini ya ubao kitu kikagonga. Kikagonga tena.

"Hiyo si hatua!"

"Na huyu si kete. Ni mtoto wa mama yangu. Ukimtaka, nifuate!"

Akashuka mbio. Nyayo zikamfuata hadi ngazi ya mwisho. Alipogeuka, hapakuwa na mtu.

Nyumbani, chini ya chumba kile, alifumbua kiganja. Kitupu. Kaka alikuwa ameketi kitandani, analia kwa kwikwi.

"Umenitoa peke yangu?" akauliza. "Dada, tuko wengi mle. Farasi mmoja ni binti wa jirani."

Juu ya dari, kete zilianza kupangwa upya. Tak... tak... tak...

Fundi akamwaga vitambaa vyote sakafuni, akalibeba kapu tupu, akarudi ngazini.