Giaboksi ya Mzee Abdulrahman

Siku ya soko, Kawangware haikuwa na nafasi hata ya kutua kikapu. Wanawake walikuwa wamepanga viazi na kabeji mpaka ukingoni mwa barabara, na mwenye kutaka kupita ilibidi aombe njia kwa kila mmoja. Murjan alikuwa ameinama akimchagulia shangazi yake viazi vitamu aliposikia mlio ambao kila fundi anaujua: chuma kinasaga chuma. Akainua kichwa. Lori lilikuwa limekwama katikati ya watu. Dereva, mzee mwenye tarbushi nyekundu, alikuwa akiusukuma mkono wa gia kwa mikono miwili. Kando yake alikaa msichana aliyejifunga gurbaba ya manjano mpaka kichwani, kama wanawake wa Kinubi wa Kibra walivyovaa, ametulia kana kwamba yuko sebuleni kwao.

Murjan aliacha viazi. Wakati wa vita alitengeneza malori ya jeshi kule Burma, kisha akafanya kazi Nakuru, na mwaka ule wa 1949 ndipo alipofungua karakana yake ya mabati katika kijiji cha Toi, huko Kibra. Alijiona ana haki ya kulisogelea gari la mtu yeyote. Alimsalimu mzee, akasikiliza kidogo, akatangaza kwamba giaboksi imekwisha.

"Hilo hata sisi tumelisikia," msichana alisema kutoka juu. "Tunamngoja atakayesema jingine."

Watu wakacheka. Murjan naye akacheka, na katika kule kucheka akamtazama vizuri: mwanya mdomoni, wanja uliopakwa kwa mkono usiotetemeka, macho yasiyomkimbia mtu. Hapo hapo akajua kwamba si giaboksi peke yake iliyokwisha.

Alikuwa Mabruka, binti wa pekee wa Mzee Abdulrahman, askari mstaafu wa kijiji cha Makina. Murjan alipokwenda vitani alimwacha mtoto anayeruka kamba. Tangu mama yake afariki, Mabruka alikataa kushinda nyumbani peke yake, akawa anapanda lori na babake wakipeleka mazao ya Kawangware mjini.

Lori lilivutwa hadi Toi. Murjan alipata giaboksi nzuri kutoka kwenye lori la jeshi lililokuwa likiuzwa vipande vipande, na kazi ikachukua siku nne. Mzee alishinda pale akisimamia, na kila adhuhuri Mabruka aliwaletea kisra, mkate mwembamba wa Kinubi, na mchuzi, akabaki kuuliza maswali.

"Hiki ni nini, fundi?"

"Klachi. Ukikanyaga, injini inaachana na giaboksi, gia zinaingia bila ugomvi."

"Na usipokanyaga?"

"Vinashikana, vinakwenda pamoja."

"Kumbe kama mtu na mkewe," alisema, na Murjan akaangusha spana kwenye kidole cha mguu.

Siku ya nne alifunga bolti za mwisho akiwa anachechemea, macho yake yakifuata gurbaba zaidi kuliko mikono yake. Lori likaondoka. Mabruka akampungia mkono dirishani, na Murjan akashinda siku nzima akipiga mluzi.

Furaha ile haikumaliza wiki. Mzee alirudi akisema gia ni nzito kuingia. Murjan akadhani mafuta ya giaboksi ni mazito mno, akayabadilisha. Baada ya siku mbili mzee akarudi tena. Murjan akarekebisha pedali ya klachi, akaingiza gia zote injini ikiwa imezimwa, na zikaingia laini. Akamwambia aende salama.

Mara ya tatu mzee hakuja kwa salamu. Kwenye mlima wa kutoka mtoni, karibu na Kabiro, alisimama kumpisha ng'ombe. Alipotaka kuondoka, gia ya kwanza ilikataa kabisa, lori likarudi nyuma na shehena yote. Breki zilishika hatua chache tu kabla ya maji. Magunia mawili yalianguka mtoni. Wacera, mama aliyewakusanyia wenzake mazao, alikuwa amesema wazi kwamba likitokea jingine kama hilo atatafuta lori lingine.

Karakana siku hiyo ilikuwa na watu wengi, na Murjan aliona aibu. Aibu ikamtoa maneno.

"Giaboksi ni nzima, mzee. Labda ni mguu ndio umezeeka."

Mabruka, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisema kwa sauti ya chini kwamba asubuhi gia huingia, ila injini ikishapata joto ndipo zinapokataa, na kwamba hilo halihusu mguu wa mtu. Murjan, watu wakimtazama, akajibu kwamba gari halitengenezwi kwa maneno ya abiria.

Mabruka akamshika babake mkono. "Twende, baba. Huyu anajisikiliza mwenyewe."

Kwa siku tisa haikuletwa kisra karakanani. Murjan alituma salamu kwa watu waliokwenda Makina, na salamu zikarudi kama zilivyokwenda. Shangazi yake, Sitelbanat, aliyemlea tangu utotoni, alimtazama akisukuma chakula kando ya sahani. Akamuuliza ni gari gani hilo linalomkondesha, naye akamweleza yote. Sitelbanat hakumhurumia. Alimuuliza kama yale aliyosema msichana ni kweli au si kweli. Murjan akafungua mdomo kujibu, akagundua hajui, kwa sababu hakuwa amelipanda lile lori likiwa na joto hata mara moja.

Kesho yake alfajiri alikuwa Kawangware, amesimama mbele ya lori, kofia mkononi. Aliomba kupanda nao mpaka mlimani. Mzee alimwachia binti yake aamue.

"Ndani pamejaa," Mabruka alisema, ingawa palikuwa na nafasi ya mtu mzima. "Abiria wanakaa juu ya kabeji."

Akakaa juu ya kabeji. Mwanzoni gia ziliingia bila shida. Walipokata kona ya pili zikaanza kunung'unika, na kwenye mlima wa Kabiro zikagoma, kama alivyosema. Murjan aliruka chini, akaweka mawe nyuma ya magurudumu, akajilaza chini ya lori, akafungua kifuniko kidogo cha klachi. Akamwomba mzee akanyage klachi mpaka mwisho. Shafti, fimbo ya chuma inayoingia kwenye giaboksi, ilipaswa kusimama. Haikusimama, iliendelea kuzunguka na injini. Akaomba izimwe, gia zikaingia kama kijiko kwenye uji.

Hapo akaelewa. Ncha ya shafti hukaa ndani ya bushi, pete ndogo ya shaba, nyuma ya injini. Alipobadilisha giaboksi, aliiacha bushi ya zamani, kuukuu na kavu, kwa sababu siku ile ya nne alikuwa na haraka na macho yalikuwa pengine. Ikipata joto, bushi iliishika shafti, na klachi ilipokanyagwa haikuachanisha kitu.

Angeweza kusema kingine. Wacera na wenzake, waliokuwa wakipanda mlima kwa miguu, walikuwa wamekusanyika barabarani, na hakuna kati yao aliyejua bushi ni nini. Murjan alitoka chini ya lori, vumbi limemjaa usoni, akasimama mbele yao.

"Mzee, kosa ni langu. Kuna kitu nilikiacha. Mguu wako hauna neno. Na binti yako aliliona kabla yangu, nikamdharau. Naomba radhi, kwako na kwake."

Mzee aliingiza gia injini ikiwa imezimwa, kisha akamwambia apande. Safari hii Mabruka alisogea akampa nafasi.

Kuweka bushi mpya kulichukua siku mbili. Jioni ya pili walipanda mlima ule wakiwa na shehena kamili, injini moto. Mzee alisimama katikati kwa makusudi, akakanyaga, na gia ya kwanza ikaingia kwa kidole kimoja. Aliposhuka kwenda kumwita Wacera, aliyekuwa akija nyuma kwa miguu, aje aone, Murjan na Mabruka walibaki ndani.

"Mabruka," Murjan alisema, na yale aliyokuwa ameyapanga yote yakapotea. "Nataka kukuoa."

Mabruka alimfuta grisi shavuni kwa ncha ya gurbaba, polepole, kama mtu asiye na haraka.

"Ungeniuliza siku ile ya spana ningekubali bure," alisema. "Sasa mtume shangazi yako, aje Ijumaa. Na mwambie mimi nitakuwa napanda lori hata baada ya harusi."

Ijumaa Sitelbanat alivaa gurbaba yake mpya kabisa, akaenda Makina na wanawake wanne. Mzee Abdulrahman aliwakalisha muda mrefu makusudi, akiwasimulia vita vyake vya zamani kimoja baada ya kingine. Nyuma ya pazia Mabruka alivumilia mpaka uvumilivu ukamwishia, akatoa kichwa.

"Baba," alisema, "wape jibu, chai inapoa."